Nimesaga unga wa chuma na alumini masaa 20 na bado umegoma kuwa aloi, nakosea wapi?

msagaji_mpya

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni msaada maana mi hapa akili imegota. Nina kazi ya kutengeneza aloi ya chuma na alumini, ile FeAl ya nusu kwa nusu, bila kuyeyusha, yaani unga unasagwa na gololi mpaka unaungana halafu unapikwa kwenye tanuri. Nimesoma sana kabla ya kuanza nikaona mbona rahisi tu, kumbe.

Nilichofanya ni hiki. Mtungi wa chuma cha pua wa mililita 250, gololi 20 za chuma cha pua za milimita 10, unga gramu 20 jumla, mashine ni ile ya mitungi inayozunguka huku meza nayo inazunguka, mizunguko 300 kwa dakika, masaa 20 mfululizo usiku kucha mpaka mchana. Sikuweka kimiminika wala kitu chochote humo ndani, nilifunga tu kwenye hewa ya kawaida nikaondoka.

Kufungua sasa. Kwanza mtungi ulikua wa moto siwezi kushika. Unga mwingi umenata ukutani na kwenye gololi kama vile umepakwa rangi, nimekwangua na bisibisi mpaka mkono ukauma, nimetoa gramu 11 tu kati ya 20. Pili, nilipomimina kwenye karatasi zikaruka cheche kidogo na karatasi ikaanza kubadilika rangi, nikaogopa nikaitupa sakafuni.

Nikapeleka XRD (kipimo cha eksirei kinachoonyesha atomu zimejipangaje, kila metali ina vilele vyake kwenye pembe zake), kile kilele cha alumini cha digrii 38.5 bado kipo kinanitazama, na cha chuma cha 44.7 kipo palepale hakijasogea. Nikasema labda tanuri litamalizia, nikashindilia vidonge nikapika digrii 700 kwenye agoni (gesi isiyoungana na kitu) saa moja, vidonge vimevimba kama maandazi na vimepasuka. Swali langu ni je niongeze masaa yafike 40? Au mashine yangu ni dhaifu?

kauzu_wa_maabara

Pole mkuu ila hapo kwenye kumimina kwenye karatasi nimecheka halafu nikaacha kucheka. Hizo cheche ni bahati yako zimeishia hapo.

Fundi_Tanuri

Usiongeze masaa hata moja kabla hujabadilisha vitu vingine. Naona watu wengi wanadhani masaa ndio dawa, unga ukigoma wanaongeza, ukigoma tena wanaongeza, mwisho wanakua wamesaga gololi zenyewe badala ya unga.

Ngoja tupige hesabu kwanza. Gololi ya chuma cha pua ya milimita 10 ina uzito wa gramu 4 na kidogo. Zidisha kwa 20 unapata kama gramu 82. Unga wako gramu 20. Kwahiyo gololi kwa unga ni 4 kwa 1, hiyo ni ndogo kwa kazi ya aloi, watu wengi wanaanzia 10 kwa 1. Na tena mtungi wako ni mkubwa, gololi 20 ndani ya mililita 250 zinakua kama watoto watatu kwenye uwanja wa mpira, zinakimbizana hazikutani. Gololi pamoja na nafasi zilizopo kati yake zijaze kama theluthi ya mtungi. Ukiweka gololi 50 za milimita 10 kwenye mtungi wa mililita 125 unapata gramu kama 204 na ujazo wa theluthi hivi, gramu 20 za unga zinakaa sawa kabisa. Mtungi mdogo utakupa zaidi ya hayo masaa 40 unayoyawaza.

Halafu hujaweka kitu cha kuzuia unga kunata. Alumini ni laini sana. Gololi ikigonga chembe inaibapaza, ikigonga tena inaibandika juu ya nyingine, na hapo ndipo aloi inapoanzia, chembe inakua na matabaka ya chuma na alumini kama chapati ya kukunja, kila pigo matabaka yanazidi kua membamba. Ila lazima chembe ivunjike pia ili ndani na nje vichanganyike. Kubandika kukishinda kuvunjika unga wote unaenda ukutani, ndicho kilichokupata. Weka asidi ya stiariki, ile nyeupe kama nta, asilimia 1 ya uzito wa unga, kwako ni gramu 0.2 tu. Inakaa juu ya chembe na kupunguza kunata. Usizidishe kwa tamaa, ina kaboni na oksijeni na vyote vinaishia kwenye aloi yako.

Na ile kusaga masaa 20 bila kupumzika acha. Saga nusu saa, pumzisha robo saa, kama mashine inaweza kugeuza mwelekeo kila baada ya mapumziko basi igeuze. Ukisaga moja kwa moja mtungi unapata moto na unga wa alumini ukiwa wa moto unazidi kulainika, unazidi kunata.

bi_fuwele

Nakubaliana na Fundi kwa mengi ila naongeza kwenye XRD maana hapo watu wanajidanganya sana, na mimi nilijidanganya miaka nenda.

Hicho kilele cha 44.7 usikitegemee peke yake. Alumini nayo ina kilele chake cha pili hapohapo 44.7, vimekaa kimoja juu ya kingine, ukiangalia hapo hujui unaangalia chuma au alumini. Cha kuangalia ni 38.5 ya alumini ambacho kiko peke yake. Kikipotea ni dalili nzuri, ila pia usishangilie haraka, chembe za fuwele zikishakua ndogo sana vilele vinapanuka na kufifia mpaka vinazama kwenye kelele ya chini hata kama alumini bado ipo. Ushahidi wa kweli kwamba alumini imeingia ndani ya chuma ni kile kilele cha 44.7 kusogea kushoto kuelekea 44, manake atomu ya alumini ni kubwa kuliko ya chuma, ikiingia inatanua kile kimia cha atomu (atomu zilivyojipanga kama wavu), kutoka angstromu 2.866 za chuma kitupu mpaka kama 2.91.

Namba zote hizo ni za mashine ambayo mrija wake wa kutoa eksirei ni wa shaba. Na mrija wa shaba ukiupigisha kwenye chuma, chuma chenyewe kinang'aa eksirei zake, mstari wa chini wa picha unapanda juu na vilele vidogo vinamezwa. Kama kuna mrija wa kobalti omba huo, ila pembe zote zitabadilika usije ukasema aloi imekua kitu kingine.

Na mtu akikuambia "nimepata nanomita kadhaa" kwa ile fomula ya Scherrer, inayokadiria ukubwa wa fuwele kutokana na upana wa kilele, muulize ametoa upana wa mashine yenyewe? Upana wa kilele hautoki kwenye udogo wa fuwele tu, unatoka pia kwenye kukunjika na kuvutwa kwa kimia, na unga uliosagwa na gololi umepigwa kama ngoma, umejaa mkunjo. Kwa mfano kilele cha 44 chenye upana wa digrii 0.6 kinakupa kama nanomita 14, ila ukitenganisha mkunjo utaona ni zaidi ya hapo.

msagaji_mpya

Asanteni sana wakuu, yaani mmenifungua macho. @Fundi_Tanuri nitabadilisha mtungi. @bi_fuwele sikujua kabisa kuhusu hiyo ya 44.7, nilikua nakitazama hicho hicho kila siku. Lakini vidonge kuvimba kunatokana na nini? Na ile ya cheche nifanye nini?

mzee_wa_usalama

Cheche naijibu mimi na naomba usome mara mbili.

Unga uliosagwa una uso mpya ambao haujawahi kukutana na hewa. Alumini ya kawaida ina gamba la oksidi linaloilinda, gololi zimelivunja vunja mara elfu na ndani ya mtungi oksijeni imeshakwisha kuliwa. Ukifungua ghafla uso wote huo unakula oksijeni kwa pamoja, inatoa joto, unga mwembamba hauna pa kulipeleka, unawaka. Tena mtungi ulikua wa moto! Acha upoe kabisa, mi nauacha usiku mzima. Ukiwa na sanduku la glavu (lililofungwa, unaingiza mikono kwa glavu zilizobanwa ukutani mwake) lenye agoni jazia humo na ufungulie humo. Kama huna, legeza kifuniko kidogo sana hewa iingie polepole kwa muda mrefu, uso uvae gamba lake taratibu, ndio ufungue. Usimimine kwenye karatasi, mimina kwenye bakuli la chuma, kidogo kidogo. Vaa miwani na ondoa vitu vinavyowaka mezani.

Ikiwaka USIMWAGE MAJI. Alumini ya moto na maji inatoa haidrojeni, umeongezea moto chakula. Na ile mitungi ya kuzimia ya kaboni dioksaidi nayo si ya moto huu, inaweza hata kupeperusha unga hewani ikawa balaa lingine. Mchanga mkavu kabisa, au ile poda maalumu ya moto wa metali, mwagia taratibu ufunike uache upoe wenyewe.

kauzu_wa_maabara

Kwani asitumie ethanoli tu badala ya hiyo stiariki? Mi nasaga na ethanoli, unga hauwaki na haunati, unatoka kama uji.

mzee_wa_usalama

Unasaga nini wewe?

kauzu_wa_maabara

Oksidi za keramiki

mzee_wa_usalama

Basi hapo ndio tofauti. Oksidi imeshakula oksijeni yake haina haja na ya pombe. Alumini yenye uso mpya inaweza kuvunja ethanoli na kutoa gesi, haidrojeni ndani ya mtungi uliofungwa, ukija kulegeza kifuniko kinakusalimia usoni. Wapo wanaotumia vimiminika hata kwa alumini, heksani inatulia zaidi kuliko ethanoli, ila nayo inawaka kama petroli na lazima uikaushe yote kabla ya tanuri. Kwa anayeanza kavu na stiariki ni salama zaidi. Na ukisaga na kimiminika mapigo yanapungua nguvu, kwa kusaga tu ni sawa, kwa kuunganisha aloi unajichelewesha.

mdadisi77

Samahanini mimi si wa fani hii napita tu. Kwanini msiyeyushe tu vyote viwili mkamaliza? Naona mnateseka sana na gololi.

Fundi_Tanuri

Swali zuri na kwa chuma na alumini kweli unaweza kuyeyusha. Ila chukua shaba na tangsteni. Tangsteni inayeyuka digrii 3422, shaba inachemka kwenye 2560 na kitu, yaani kabla tangsteni haijaanza kuyeyuka shaba yako imeshakua mvuke imeondoka. Na hata zikikaa pamoja hazichanganyiki. Kwa gololi unazilazimisha zikae pamoja.

Mwanzo wa mbinu yenyewe ni shida ya namna hiyohiyo. Miaka ya 1960 John Benjamin wa kampuni ya nikeli ya INCO alikua anataka aloi ya nikeli ya injini za tabaini ya gesi yenye vichembe vya oksidi vilivyosambaa ndani, manake vichembe hivyo vinaizuia metali isilegee kwenye joto kali. Sasa ukitia oksidi kwenye nikeli iliyoyeyuka inaelea juu kama mafuta kwenye mchuzi, haikubali kusambaa. Akaenda kuisaga ikakubali, akaandika kuhusu mbinu hiyo mwaka 1970. Baadae wengine wakagundua ukisaga nikeli na niobiamu sana unapata aloi isiyo na fuwele kabisa, kama kioo, na hakuna kilichoyeyuka.

bi_fuwele

Turudi kwenye vidonge vya msagaji. Alumini inayeyuka digrii 660, wewe umepika 700 ukiwa na alumini ambayo haijaungana. Imeyeyuka, ikakimbilia kwenye chuma, pale ilipokua pamebaki tundu. Halafu kuungana kwa chuma na alumini kunatoa joto lake lenyewe, kidonge ndani kinakua cha moto kuliko tanuri linavyosema. Matundu mengi, kidonge kinavimba. Tena hapo ulipanda kwa kasi gani?

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Masaa 20 hata kwa 4 kwa 1 nilitegemea kilele kisogee japo kidogo. Hebu niambie ulipima gramu ngapi za chuma na ngapi za alumini?

msagaji_mpya

Nilipanda digrii 10 kwa dakika.

Nilipima gramu 10 chuma na gramu 10 alumini, nusu kwa nusu

bi_fuwele

Haya tumempata mwizi 😂

Fundi_Tanuri

Eeeh bwana eeh. Na mimi nimepiga hesabu za gololi zote ile ya mizani nikairuka.

bi_fuwele

Mkuu usivunjike moyo, hili limewakuta wengi na wengi hawasemi. FeAl ya nusu kwa nusu ni nusu kwa IDADI ya atomu, si kwa uzito. Atomu ya chuma ina uzito wa 55.85, ya alumini 26.98, zaidi ya mara mbili. Ukipima gramu 10 kwa 10 unapata atomu za alumini mbili kwa kila moja ya chuma, asilimia 67 alumini. Hapo uko kwenye eneo la FeAl2, jirani na Fe2Al5, misombo migumu inayovunjika kama kigae. FeAl usingeipata hata ukisaga mpaka gololi ziishe.

Na sasa yote uliyotueleza yanapangika. Alumini imezidi ndio maana imenata ukutani vile. Alumini imezidi ndio maana kilele cha 38.5 kimekataa kuondoka. Alumini imezidi ndio maana kidonge kimevimba hivyo. Na ile iliyobaki ukutani gramu 9 hujui ina mchanganyiko gani, laini ndiyo inayong'ang'ania zaidi, kwahiyo hata hizo gramu 11 ulizopeleka XRD huwezi kuzisemea chochote.

Kwa gramu 20 unataka chuma gramu 13.48 na alumini gramu 6.52.

msagaji_mpya

Daah. Wiki tatu wakuu. Wiki tatu nalaumu mashine.

Fundi_Tanuri

Sasa ukianza upya nakupa na ratiba ya tanuri kabisa. Stiariki lazima itoke kabla kidonge hakijajifunga, la sivyo gesi yake inakwama ndani na kupasua. Panda digrii 5 kwa dakika au chini ya hapo, simama 400 saa moja agoni ikipita, ndio uende 600 ukae saa moja au mbili. Shuka ndani ya agoni, usitoe kidonge cha moto nje kwa haraka ya kuona matokeo. Na kwenye bomba la tanuri weka vipande vya titani upande gesi inapoingilia, titani ya moto inakula oksijeni iliyobaki kabla haijafika kwako. Agoni ya kwenye mtungi haijawahi kua safi kama karatasi yake inavyosema.

kauzu_wa_maabara

Na ile hewa aliyofungia kwenye mtungi si ndio imeharibu kila kitu? Mbona hamumsemi kwa hilo

mzee_wa_usalama

Si sana kama mtungi unafunga vizuri. Mililita 250 za hewa zina oksijeni kama gramu 0.07, ikiisha yote inatengeneza oksidi ya alumini gramu 0.15. Si nzuri ila haijaua kazi ya gramu 20. Kibaya ni oringi (ule mpira wa kuziba kifuniko) iliyochoka, mtungi ukipoa unavuta hewa mpya, ukipata moto unaitema, kila mapumziko unavuta tena. Abadilishe oringi, na ajaze agoni akiweza.

msagaji_mpya

Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyowaahidi wengine pm. Nimetumia mtungi wa 125, gololi 50, chuma 13.48 na alumini 6.52 nimepima mara tatu nikiwa na hofu, stiariki 0.2, agoni, oringi mpya, nusu saa kusaga robo saa kupumzika. Kila masaa 5 ya kusaga nachota kijiko kidogo nikishapoza.

Masaa 5 chembe zilikua kubwa kuliko nilivyoanza, nikataka kulia, ila nikakumbuka habari ya kubandika na kuvunjika nikaendelea. Masaa 10 zimekua ndogo na nyeusi nyeusi, 38.5 imefifia. Masaa 15 haipo. Masaa 20 kilele cha chuma kipo karibu na 44.0 na ni kipana kama kilima. Nimetoa gramu 18 na kitu ukihesabu na nilizochota, ukutani kuna utando tu. Cheche hakuna, nilifungulia kwenye sanduku la glavu la maabara ya jirani.

Baada ya tanuri kidonge hakijavimba, kina ufa mmoja mdogo pembeni. Na kwenye XRD kimetokea kilele kidogo sana upande wa chini, 30.8 hivi, ambacho kwenye unga hakikuepo. Ni uchafu?

bi_fuwele

Si uchafu, hicho ndicho ulichokua unakitafuta! Ukisaga, atomu za chuma na alumini zinakaa ovyo ovyo, yoyote popote. Ukipika zinajipanga, chuma kwenye pembe za mchemraba na alumini katikati, na mpangilio huo ndio unaoleta kilele cha karibu na 30.7. Ni kidogo kwa asili yake, pima tena kutoka 25 mpaka 35 kwa mwendo wa polepole utakiona vizuri.

Jaribio lingine la bure, chukua sumaku. FeAl iliyojipanga haivutwi na sumaku kama chuma kinavyovutwa. Kidonge kikirukia sumaku kuna chuma kimebaki hakijaungana au kimetoka kwenye gololi.

msagaji_mpya

Nimeweka sumaku, kinavutwa kidogo sana, kinasita sita. Itakua gololi?

Fundi_Tanuri

Inawezekana. Ulipima gololi na mtungi kabla na baada?

msagaji_mpya

Gololi nilipima kabla. Ngoja nizioshe nipime tena, ila zina utando wa unga, nautoaje bila kukwangua?

Fundi_Tanuri

Rudisha gololi kwenye mtungi na mchanga safi wa kwati na ethanoli kidogo, saga dakika 30, mwaga, suuza, kausha. Kama utando bado upo rudia. Ila kwanza pima zikiwa na utando hivyo hivyo, halafu upime zikiwa safi, na ujue mchanga nao unakula gololi kidogo kwahiyo usisage muda mrefu ukaja kusema aloi ndio imekula.